Usiku maji yaliponyamaza

Jumapili, 9 Machi 2025

Leo nimeamshwa na ukimya. Simu ilikuwa bado haijalia kuniamsha daku, Segerea yote imelala, nami nimekaa kitandani nikijiuliza nimeshtushwa na nini. Miezi minane sasa nalala na mlio wa maji yanayorudi kwenye tangi la samaki uani, chururu chururu usiku kucha, na leo mlio haukuwepo. Umeme ulikuwa umekatika.

Nikatoka na tochi ya simu. Sato wote walikuwa wamepanda juu, midomo imegusa uso wa maji, wanafunua na kufumba, wanafunua na kufumba. Kuna kasauti kadogo samaki wengi hutoa wakifanya hivyo pamoja. Sikuwahi kukasikia kabla ya leo, na bado nakasikia ninavyoandika.

Kitabuni nilishajua. Maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30, kama haya yetu ya mwezi huu, hubeba kama 7.5 tu. Na alfajiri ndiyo saa mbaya zaidi, maana usiku mzima kila kilicho hai humo kimekuwa kikivuta bila jua kurudisha chochote. Lakini kujua si kuona. Nikachukua jagi, nikawa nachota na kumimina kutoka juu ili maji yaingie na hewa. Tangi la lita 1000, jagi la lita mbili.

Mama akatokea mlangoni na kanga yake ya kulalia. Akatazama, akasema, "Hawa wanahema kama kuku wa jua kali." Kisha akaligeukia pipa lake la maji.

Hilo pipa lina habari yake. Mama alilima mchicha na matembele zaidi ya miaka kumi kwenye kiwanja cha jirani kilichokuwa hakijajengwa, mpaka mwenyewe alipokuja na lori la tofali. Hakulalamika, kiwanja si chake. Ila uani kwetu ni saruji tupu, na nikawa namuona asubuhi anatoka, anasimama, anarudi ndani. Ndiyo sababu nikaanza akwaponiki, kwa ajili yake: pampu inapandisha maji ya samaki kwenye mabomba yenye mboga, mboga zinakula uchafu wao, maji yanarudi tangini. Nilipomuonyesha mabomba yaliyotundikwa ukutani alisema, "Mboga gani haikanyagi ardhi?" Akawa anakula, ila hakuyagusa. Alichoendelea nacho ni kujaza pipa kila linapopungua, kama enzi za mgao wa maji. Nilimwambia mara nyingi, Mama, bomba linatoka siku hizi, hilo pipa linatuzibia njia. Hakujibu, alijaza tu.

Leo maji yale ndiyo tuliyomimina, ndoo kwa ndoo, yeye akitumia kata yake ya kifuu. Yalikuwa yamepoa, na yalikuwa yamekaa wazi siku mbili, kwa hiyo klorini ya maji ya bomba ilishapeperuka. Ningefungulia mpira moja kwa moja ningewaunguza samaki matamvua, na ningeua wale bakteria wanaogeuza amonia ya samaki kuwa naitraiti, kisha naitreti ambayo mimea hula. Bakteria hao niliwasubiri wiki sita kabla mchicha wa kwanza haujashika rangi. Daku ikawa tende mbili na maji, tumesimama. Umeme ulirudi saa mbili asubuhi. Tumepoteza sato wanne kati ya 38. Nashukuru kwamba ni sato, samaki mvumilivu.

Mabomba nikayageukia baadaye. Ninayo matatu ya inchi nne, yamelala na mteremko kidogo, maji yakipita chini membamba kama utando. Pampu ikisimama, maji yote hushuka tangini na bomba hubaki tupu. Nilipofungua kifuniko cha mwisho nilikuta mizizi imejaa kama nywele zilizochanwa, mirefu kuliko mkono wangu, nyeupe juu na kahawia chini iliposhika tope la samaki. Kawaida huteleza kwenye vidole. Leo ilikuwa inashikana na kunata. Chainizi yote imelala, mchicha nusu.

Minara yangu ya kupandia, hata jani moja halikunyauka. Niliitengeneza mwenyewe kwa bomba zilezile nikizisimamisha: unakata ufa kwa msumeno, unapasha moto taratibu nje penye upepo, bomba likilainika unasukuma kwa shingo ya chupa ya soda mpaka mfuko wa kupandia utokeze. Ndani nilijaza makumbi niliyoloweka wiki nzima, nikimwaga maji kila siku, kwa sababu siku za mwanzo yalitoka na rangi ya chai ya rangi. Makumbi hayo yalikuwa bado yamelowa saa zote hizo. Mrehani na nanaa havikujua kama kuna jambo limetokea.

Nimefikiria sana leo nikiwa na swaumu. Katika miaka ya 1980 mtafiti wa akwaponiki, Dk. James Rakocy, na wenzake kule Visiwa vya Virgin vya Marekani walikuza mimea juu ya mabamba mepesi ya povu yanayoelea, mizizi ikining'inia ndani ya maji mengi. Nilipoona picha zake nilidhani ni kupoteza maji na nafasi. Nilipenda bomba kwa kuwa ni jepesi, linapanda ukutani, linatumia maji kidogo. Sasa naona udogo huo wa maji ndio ulioniponza. Nilijenga kana kwamba pampu haitasimama, katika mji ambao mama yangu hajawahi kulala bila kuweka akiba ya maji.

Mchana nimenunua elbo tatu, vile viungo vya bomba vyenye kona, na pampu ndogo ya hewa inayotumia betri. Elbo nimeziweka mwisho wa kila bomba zikiinamia juu kiasi, ili maji yabaki ndani kina cha vidole vitatu hata pampu ikizima. Sikutia gundi, nipate kuzigeuza, maana maji yakituama tope litakaa na itabidi nisafishe kila wiki mbili badala ya kila mwezi. Sawa, nitasafisha. Pipa nimelisogeza mwenyewe karibu na tangi.

Kabla ya adhana ya magharibi nimemkuta Mama ameinama kwenye bomba la chini. Amekata vikonyo vya matembele kutoka kwa jirani, anavipachika kwenye matundu yaliyoachwa na chainizi.

"Haya yanapenda maji," amesema. "Umeacha kiasi gani humo?"

Nikamuonyesha vidole vitatu. Akaingiza mkono wake tunduni, akapima kwa vyake, ambavyo ni vifupi kuliko vyangu.

"Ongeza kidogo."

Nimeigeuza elbo kidogo juu. Akapima tena.