Usiku Wangu wa Kwanza Nikiwa Dula

Nilipomaliza mafunzo ya kuwa dula, yaani mtu anayekaa na mama wakati wa kujifungua ili kumtuliza na kumtia nguvu, nilidhani kazi yangu ingekuwa hasa kusema maneno ya kutia moyo. Usiku wa kwanza nilimkuta mama aliyekuwa amefunguka mlango wa kizazi sentimita 4, ameng'ang'ania ukingo wa kitanda, na kila uchungu ulipopanda alibana pumzi na kuinua mabega hadi karibu na masikio. Sikusema lolote, nilimkandamiza kiuno kwa viganja vyote viwili, nikapumua polepole karibu naye mpaka pumzi yake ikaifuata yangu, kisha uchungu ulipotulia nikamnywesha maji kidogo kidogo. Tulikwenda hivyo kwa saa tisa, na mikono yangu (hili sikulisikia darasani) iliuma siku mbili.

Dula hapimi njia wala hazalishi. Hayo ni ya mkunga, na sipendi wanaoyachanganya. Hata hivyo, miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 inapendekeza kila mwanamke awe na mtu wa kuwa naye karibu, anayemchagua mwenyewe, wakati wa kujifungua.

Alfajiri, alipofikia sentimita 10, yaani njia imefunguka kabisa, aliniambia, "Usiniachie mkono." Sikumwachia hadi mtoto alipolia.