Siku mashine ilipoingia kwenye majani chai

Mwanangu yuko kidato cha pili. Jana aliniuliza Mladaiti ni mtu gani. Mwalimu wao amewaambia ni mtu anayeogopa teknolojia. Nikakumbuka mashamba ya chai ya Kericho, na Mama.

Shule zilikuwa zimefungwa, nami nilimfuata shambani kumsaidia kuchuma. Trekta ikashusha mashine. Wanaume wawili wakaishika huku na huku juu ya mstari wa chai, injini ikanguruma, mfuko nyuma ukaanza kuvimba. Wachumaji wote walisimama. Mama alitua kikapu, akaenda kwenye ule mfuko, akachota konzi moja na kuichambua kiganjani: majani mawili na kichipukizi huku, majani makavu na vijiti kule. Vijiti vilikuwa vingi.

"Nyapara, hii ni chai au kuni?"

"Mama, hii inafanya kazi ya watu wengi."

"Na hao watu wengi mtawapeleka wapi?"

Nyapara akageukia daftari lake la kilo. Miaka iliyofuata mashine ziliongezeka, majirani zetu wa laini, zile nyumba za wafanyakazi, wakahama mmoja mmoja, nasi tukarudi Kisii.

Kwa hiyo nilimweleza mwanangu kwa urefu. Waladaiti walikuwa mafundi wa Uingereza. Mwaka 1811, Nottinghamshire, wafumaji wa soksi walianza kuvunja mitambo usiku, na barua zao zikitiwa sahihi ya Ned Ludd, jemadari ambaye huenda hakuwahi kuwapo. Mtambo wa kufumia haukuwa mgeni kwao, ndio uliokuwa ukiwalisha. Walivunja ya matajiri waliopunguza ujira na kuuza soksi hafifu, na aliyelipa vizuri mara nyingi aliachwa. Mwaka 1812 Bunge likapitisha sheria ya kuwanyonga wavunja mitambo. Januari 1813, mjini York, walinyongwa watu 17. Jina lao limebaki kuwa tusi la mtu mshamba, jambo linaloniuma.

Mei 2023, mashine za kuchuma chai zilipochomwa moto Kericho, nilimpigia Mama simu. Nilidhani atafurahi.

"Kuchoma ni hasara, mwanangu," alisema. "Lakini ni lini walikuja kutuuliza?"

Mwanangu anataka kujua kama bibi yake naye ni Mladaiti. Nimemwambia ampigie amuulize mwenyewe.