Dagaa wa Igombe na Sauti ya Shangazi

Masika ya 2016 nilikuwa nachuuza dagaa pale mwaloni Igombe, mitumbwi inaposhushia samaki, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Siku ninayoisimulia nilikuwa na mzigo mkubwa kuliko kawaida yangu, tena wa hela ya mkopo wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Giza lilikuwa zuri, maana dagaa huvuliwa usiku usio na mbalamwezi, wakifuata mwanga wa taa. Mitumbwi ilirudi imejaa, bei ya ndoo ikalala, nikachukua. Unawaanika juu ya nyavu, na kukiwa na jua siku moja inatosha: jioni dagaa anavunjika kwa kidole, unajaza gunia, unaondoka.

Mchana mvua ikatoka ziwani. Kwa wanaolijua Ziwa Nyanza, yaani Victoria, sina haja ya kueleza. Unaona weusi kwa mbali, ukigeuka kutafuta turubai, tayari matone yako mgongoni. Wanawake wote pale ufukweni tulikimbia kuanua. Turubai langu lilifunika sehemu ndogo tu ya nyavu. Zilizobaki zililoa chapachapa.

Ilimnyeshea kila mtu, lakini kichwani mwangu ilikuwa imenijia mimi peke yangu. Sauti ikaanza: “Kila siku wewe. Mtu mzima huna akili hata ya kutazama mawingu. Hela za watu utazilipa na nini? Watoto watakula mchanga?” Ilikuwa sauti ya shangazi aliyenilea, Mungu amrehemu. Kwa haki yake niseme kwamba yeye alikuwa akimaliza kugomba anapakua ugali. Hii ya kichwani haikuwa na ugali.

Bibi mmoja aliyekuwa akikung'uta wavu wa jirani akanyanyuka.

“Mama Mapacha, unamtukana nani?”

“Shikamoo mayu. Naongea peke yangu tu.”

“Marahaba. Ungekuwa unaongea ningenyamaza. Unatukana.”

Sikujua kuwa midomo ilikuwa inatoa sauti.

Nikakumbuka mnasihi aliyewahi kuletwa kwenye kikao chetu cha kikoba. Alitufundisha kukaa na kuitazama pumzi, akasema Mmarekani aitwaye Jon Kabat-Zinn alianza kufundisha mazoezi ya namna hiyo hospitalini huko Massachusetts mwaka 1979, kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyokwisha, akiyachota kwenye tafakuri za Kibuddha. Mwenyekiti wetu akauliza, “Sasa hapa nani anaumwa?” Tukacheka, tukarudi kwenye hisa. Kitu kimoja kilinibaki: pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, kwa sababu ukitoa pumzi polepole moyo nao unapunguza mwendo.

Nikageuza ndoo nikaikalia. Nikavuta pumzi, nikaitoa taratibu. Nikaona miguu yangu kwenye mchanga uliolowa, magamba madogo yameng'ang'ania kucha, matone yanadondoka kwenye ukingo wa turubai. Harufu ya dagaa wabichi walioanza kupata joto. Sikutulia, msidanganyike. Akili ilikimbilia kwenye deni, nikairudisha; ikakimbilia ada za mapacha, nikairudisha tena. Wanaouza zoezi hili kana kwamba ni dawa ya usingizi, nadhani hawajawahi kulijaribu wakiwa wanadaiwa.

Halafu nikajisemesha kama ambavyo bibi yule angenisemesha: “Mama Mapacha, umenyeshewa. Pole. Anza na wavu wa karibu.”

Basi. Sikujisifu wala sikujiambia kwamba mambo yatakuwa mazuri, kwa sababu sikuwa na uhakika. Ila mtu ukimwita kwa jina lake na kumpa pole, ni vigumu kuendelea kumtukana. Miaka baadaye nilisoma kuwa Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 2014 utafiti uliolinganisha watu waliojisemesha kwa majina yao na waliosema “mimi, mimi” kabla ya kuhutubia mbele ya watu. Waliojiita kwa majina hawakubaki wakijitafuna sana kwa aibu. Nikamkumbuka yule bibi.

Nikaanza kuchambua. Unamshika dagaa katikati kwa vidole viwili: akiwa mgumu, ngozi imekaza, mvua imempitia juu juu tu, huyo atarudi juani. Akilegea na tumbo kupasuka, huyo ni wa kuku. Wagumu huku, walegevu kule. Kila shangazi alipoanza, nilikuwa na dagaa mkononi wa kumwamulia, na sikuweza kuamua vizuri huku nasikiliza matusi.

Jua la jioni lilikuwa hafifu, wagumu nikawamalizia kesho yake. Walikauka ila mng'ao wa fedha ulipotea, na mteja wa soko la Kirumba huanza kutazama huo mng'ao. Walegevu wakachukuliwa na mnunuzi wa chakula cha kuku. Alitaja bei ya kutia aibu. Nilinyamaza, nikapumua, akapandisha kidogo; nikanyamaza tena, akakasirika, tukakubaliana.

Kwenye kikao nilipeleka nusu ya rejesho, nikaeleza mvua ilivyokuja, nikaomba wiki mbili. Mwenyekiti alinuna, akaniuliza kama nakusudia kulipa kwa pumzi. Lakini akaandika.