Alama za vidole kwenye mayai ya Pasaka

Asubuhi ile nilipaka mafuta mikononi kama siku zote, yale ya mgando, maana baridi ya Ujerumani hata ukifika mwezi wa nne bado inakupausha mikono kama umeshika unga, alafu nkaenda zangu kazini. Sikuwaza kabisa kwamba hayo mafuta ndo yatakuwa habari ya siku nzima.

Ilikuwa Jumanne ya Juma Kuu, tarehe 16 Aprili 2019. Naikumbuka tarehe kwa sababu jioni iliyotangulia kanisa la Notre-Dame kule Paris lilikuwa limeungua na walimu wote asubuhi walikuwa wanaongelea hilo tu, mmoja macho mekundu kabisa. Mimi nilikuwa najitolea mwaka mmoja kwenye chekechea karibu na mji wa Bautzen, jimbo la Saxony, mashariki kabisa, Poland na Ucheki zote ziko jirani. Sisi Walutheri wa Kilimanjaro na watu wa Saxony tunajuana kitambo, wamisionari wa Leipzig, mji wa humohumo Saxony, walifika Uchagani 1893, bibi yangu Machame alikuwa anaitaja Leipzig kama vile iko nyuma ya Boma Ng'ombe. Lakini ile desturi yao ya kupaka mayai rangi wakati wa Pasaka haikushika kwetu. Kwetu Pasaka ni matawi, ni Ijumaa Kuu ya kimya, ni tarumbeta za kanisani zinakuamsha Jumapili bado giza, na baadae nyama.

Mayai kwetu yalikuwa hela. Mama alikuwa na kuku na kila yai alijua limetagwa na nani, anapanga kwenye trei mpaka yatimie thelathini ndo yaende sokoni, na hiyo ndo daftari, hiyo ndo soksi za shule. Siku moja nikiwa darasa la tatu nilijikwaa na trei nzima. Mama hakunichapa, alikaa tu kwenye ngazi ya jikoni akaangalia chini kwa muda mrefu, na mpaka leo nikishika yai nashika kwa vidole vyote vitano.

Sasa Jumatatu pale chekechea tulikuwa tumetoboa mayai thelathini, tundu juu tundu chini kwa sindano, unapuliza mpaka ute na kiini vitoke vyote kwenye bakuli, mashavu yanauma hatari. Kule kila yai la dukani limepigwa muhuri wa namba, hivyo nilikaa nayafuta moja moja kwa siki mpaka yakawa meupe kabisa. Mpishi akayakaanga yale ya ndani, watoto wakala na viazi.

Jumanne akaja bibi wa mmoja wa watoto kuwafundisha. Huyu mama alikuwa Msorbi, na mimi kabla ya kufika pale sikuwahi kusikia hilo neno, kumbe kuna kabila dogo la Kislavi humohumo Ujerumani, watu kama elfu sitini hivi, wana lugha yao, vibao vya barabarani vimeandikwa mara mbili, Bautzen kwao ni Budyšin. Wajukuu wanamwita wowka, ndo bibi kwa Kisorbi, basi na mimi nkamwita wowka na alifurahi sana. Alikuja na kikapu cha manyoya ya bata bukini amekata ncha zake, moja pembetatu, nyingine kama almasi, na pini zenye kichwa amezichomeka kwenye penseli kwa ajili ya vidoti. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye kijiko kilichokunjwa juu ya mshumaa mdogo, unachovya nyoya, unagusisha kwenye yai harakaharaka kabla nta haijaganda. Pembetatu zikipangwa ni meno ya mbwa mwitu, zinazuia mabaya. Michoro ya sega la nyuki ni kuomba mtoto awe mchapakazi. Alisema zamani mayai hayo wazazi wa ubatizo ndo walikuwa wanawapelekea watoto wao wa ubatizo, na wengi wanapeleka mpaka leo.

Na wao hawasemi kupaka yai rangi, wanasema kuandika yai. Hilo lilinikaa.

Nikamuuliza yai lenyewe mnaitaje, akasema jejko, inatamkwa yeiko. Nikasema kwetu ni yai. Watoto wakanyamaza kidogo wakaangaliana, kwa sababu Kijerumani ni Ei, inatamkwa ai, alafu kabinti kamoja ka miaka mitano kakapiga kelele ai! yeiko! yai! na chumba chote kikalipuka, ai yeiko yai, ai yeiko yai, wanapiga meza, mshumaa mmoja ukazimika. Mimi Kijerumani changu kilikuwa cha kuungaunga, miezi saba nakaa pale wanaongea juu ya kichwa changu, na siku hiyo kwa mara ya kwanza neno langu lilikuwa mdomoni mwa watoto kumi na nne.

Mayai niliwagawia mimi. Nilitoa kwenye trei moja moja, kwa vidole vyote vitano, nkampa kila mtoto mkononi. Wakaandika na nta, mengine madoa tu ila wamekaza sura kweli kweli, alafu tukaanza kuchovya. Rangi inakuwa ya baridi maana ya moto itayeyusha nta, na unaanza na nyepesi unaelekea nzito, njano kwanza, kisha nyekundu, mwisho bluu iliyokolea. Yale matupu yanaelea kwa hiyo inabidi uyakandamize kwa kijiko.

La kwanza likatoka kwenye njano lina mabaka. La pili hivyohivyo. Mwalimu akasema labda rangi imeisha nguvu, akaongeza siki, wapi. Yote. Kila yai lina madoa meupe matano, manne upande huu moja upande ule. Wowka akalishika moja akalizungusha karibu na dirisha, alafu akaja akanishika mkono, akaugeuza, akapitisha dole lake kwenye kiganja changu. Akasema polepole, mafuta. Ganda likiguswa na mafuta rangi haishiki.

Jamani nilitamani kulia. Mayai ya watu. Nilimwona mama kwenye ile ngazi ya jikoni kabisa, yaani miaka kumi na nane imepita na Kijerumani chote kikanitoka nkabaki nasema pole, pole, kwa Kiswahili. Wowka akasema hakuna shida, tukipangusa kwa siki na kuchovya tena yatashika, akachukua kitambaa akaanza. Ilipofika zamu ya yule kabinti kakakumbatia yai lake kifuani kakakataa. Kakasema usifute, hicho ni kidole chake. Kakanyoosha kwangu. Na kweli ukiangalia kwa karibu ile mistari ya ngozi ilionekana yote, imezunguka kama ndani ya konokono.

Basi na wengine hawakutaka tena kufutiwa. Na wasiokuwa na alama vizuri wakaja kunidai. Alafu mmoja akauliza kama na yeye anaweza kupaka, nikamwangalia wowka, wowka akafikiri kidogo, akasema leta hayo mafuta. Nikatoa kikopo changu kwenye mkoba. Watoto kumi na nne wakapanga foleni kuchovya dole gumba, wanabonyeza kabla ya kuingiza kwenye nyekundu, hivyo mayai yale yakawa na madole ya njano juu ya nyekundu katikati ya meno ya mbwa mwitu. Mwisho wowka akawa anaweka kila yai pembeni ya mwali wa mshumaa, sio juu maana litapata masizi, nta inang'aa, anapangusa kwa kitambaa laini na rangi zote zinatokea kwa pamoja. Kila likitokea, kimya, alafu kelele.

Jumapili nilienda kuangalia wale wanaume wa Kisorbi wanaopanda farasi wakiwa na makoti meusi na kofia ndefu, wanatangaza kwa nyimbo kijiji hadi kijiji kwamba Kristo amefufuka. Jua kali siku ile. Nililia na pale, ila hiyo ni habari nyingine.

Kabinti kalinipa yai lake. Mwezi wa tisa narudi nyumbani nilililaza ndani ya soksi, soksi ndani ya kopo la biskuti, kopo mapajani mpaka uwanja wa ndege wa KIA. Mama alilipima mkononi akashtuka lilivyo jepesi. Akauliza, na ya ndani mmeyafanyaje? Nikamwambia tulikula. Akasema haya, afadhali.

Akavaa miwani. Nikamweleza wao wanaita kuandika yai, nikamwonyesha lile doa langu kubwa na lile dogo la mtoto pembeni. Akaliangalia sana, akaweka dole lake mwenyewe juu ya langu, akasema, ndo alivyokuwa anasaini bibi yako.