Chapati na moyo wa mtoto wa kaka angu

Mtoto wa kaka angu akicheza kombolela alikuwa anakimbia kidogo tu halafu anachuchumaa, mikono magotini, midomo kama kala zambarau. Sisi tunacheka eti mvivu kama baba ake. Zahanati tuliyokuwa tunaenda wakasema pumu, wakatupa dawa za pumu, haya.

Kumbe alikuwa anajitibu! Daktari wa moyo ndo kanielewesha, ukichuchumaa mishipa ya miguuni inabanwa, damu inapata ugumu kushuka kwa hiyo nyingi inalazimika kupita mapafuni kuchukua oksijeni. Ana miaka minne na hakufundishwa na mtu.

Alipigwa eko, ile ultrasound ya moyo, pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Muhimbili, wakasema ni Tetralojia ya Fallot. Huyo Fallot ni daktari Mfaransa aliyeueleza mwaka 1888. Ni vitu vinne kwa mpigo: tundu ndani ya moyo, njia ya kwenda mapafuni imebana, ule mshipa mkuu wa aota umekaa juu ya tundu, na msuli wa kulia umenenepa kwa kusukuma kwa tabu.

Sasa nyumbani vita. Mama kashikilia kwamba wifi alikula sana udongo akiwa mjamzito. Jumapili tunakanda chapati nikachoka, nikachukua donge nikalivingirisha likawa refu, nikamwambia mama ona, mwanzoni moyo wa mtoto tumboni una bomba moja tu la kutolea damu. Kuanzia kama wiki ya tano ndani yake kunaota ukuta huku unajizungusha, mpaka wiki ya nane yamekuwa mawili, moja la mwilini moja la mapafuni. Nikalipasua nikalisokota. Ukuta usipojizungusha mabomba yanatoka yamebadilishana, usipoota kabisa linabaki lilelile moja, na wa huyu wetu ulisogea mbele kidogo ukabana upande wa mapafu. Wiki hizo mama, wifi alikuwa bado anameza dawa akijua ana malaria, udongo kauanza mimba ina miezi sita, umesahau?

Mama akaliangalia lile donge, kimyaa, kidole kinagusa pale nilipopabana.

"Sasa hiyo chapati ataila nani?"