Nilivyoifunga diski kuu ya kompyuta ya zamani kwa reli za mbambakofi

Kompyuta ninayoieleza hapa aliinunua marehemu baba yangu mwaka 1992 ili aandikie hesabu za duka lake la Langoni, hapa Lamu. Ni ya muundo wa AT, yaani muundo ulioanza na kompyuta ya IBM ya mwaka 1984 na kuigwa na watengenezaji wengi baadaye, na prosesa yake, yaani kile kifaa kinachofanya hesabu zote, ni 386. Miaka michache baada ya baba kufariki, fundi mmoja aliyeletewa aitazame aliitoa diski kuu, ile inayohifadhi kumbukumbu zote na ambayo wengi huiita hadi diski, akaondoka nayo pamoja na reli zake mbili za pembeni. Nilipoamua kuifufua mashine hii, diski nyingine niliipata bila taabu: ya IDE, yaani aina ya kiunganishi chake, ya kundi la inchi 3.5, yenye megabaiti 426. Reli ndizo zilizonisumbua kwa muda wa miezi miwili.

Katika makasha ya aina hii, diski haifungwi moja kwa moja kwenye ukuta wa kasha. Kila upande wa diski hufungwa reli, kisha diski na reli zake husukumwa ndani kama mtoto wa meza, ulimi wa kila reli ukipita katika mfereji uliochongwa kwenye bati, na mwishoni vibanio viwili vya chuma hufungwa mbele ili isirudi nje. Nafasi hiyo ilitengenezwa kwa vifaa vya inchi 5.25, ambavyo upana wake halisi ni milimita 146, ilhali diski yangu ina milimita 101.6 tu. Kwa hiyo nilihitaji kitu kitakachofanya kazi mbili kwa pamoja: kujaza pengo la pande zote mbili na kuingia katika mifereji.

Jaribio la kwanza nalieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu najua wengi hulifanya. Niliiweka diski juu ya sakafu ya nafasi ile, nikaweka kadibodi chini yake na kuishika kwa utepe wa gundi ya pande mbili. Mashine ikawaka, ikasoma, nikafurahi. Huo ulikuwa mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma na joto la chumba likiwa kali, na ndani ya kasha joto huzidi. Baada ya siku nane gundi ililainika, diski ikainama upande mmoja, na jioni moja nilisikia sauti ya mkwaruzo hafifu ikifuatiwa na ujumbe kwamba sekta, yaani kipande kidogo cha uso wa diski kinachohifadhi data, haisomeki. Nilizima umeme papo hapo. Nilipofungua kasha nilikuta ubao wa saketi ulio chini ya diski umebakiza nafasi ya unene wa kucha kabla ya kugusa bati tupu, na laiti ungeligusa, saketi yake ingeweza kuungua.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kufunga diski si suala la kuipa mahali pa kukaa. Ndani yake mna sahani zinazozunguka mara 3600 kwa dakika, na vichwa vya kusomea vinaelea juu yake kwa umbali ulio mdogo kuliko unene wa unywele. Diski iliyolegea hujitikisa yenyewe, na kila inapojitikisa kichwa hukosa mstari wake na kulazimika kuutafuta upya. Inaweza kulala kifudifudi au kusimama kwa ubavu, lakini ishikwe imara, na isiachwe ikiwa imeinama nusunusu.

Nilikwenda kwa seremala mmoja, rafiki wa baba, ambaye maisha yake yote amechonga milango na kutengeneza viungo vya majahazi. Nilimwekea diski mezani. Aliigeuza, akaipima uzito mkononi, akaniuliza:

“Mwanangu, kitu hichi chazunguka ndani?”

“Chazunguka, ami, mara sitini kwa sekunde moja.”

“Basi usikifunge kama kabati. Kifunge kama mashine ya mashua.”

Alinipa kipande cha mbambakofi kilichobaki katika kazi ya fremu ya mlango. Nilitaka alumini, kwa kuwa ndiyo niliyoizoea kuiona katika vifaa vya dukani, lakini leo ninauona uamuzi wake kuwa bora. Bati la kawaida hapa pwani hushikwa na kutu kwa chumvi ya hewa, na alumini ya unene wa milimita 24 sikuwa na njia ya kuipata wala kuikata. Mbambakofi ni mgumu, haucheziwi na unyevu kirahisi, na hukubali kuchongwa ulimi mwembamba bila kupasuka.

Kuta za nafasi ile katika kasha langu zimeachana kwa milimita 150. Tuliranda vipande viwili vya milimita 24 kila kimoja, ambavyo pamoja na diski vinafikia milimita 149.6, na kwa upande wa nje tukaacha ulimi wa kuingia katika mfereji. Ulimi huo tuliusugua kwa msasa kidogokidogo, tukiujaribu kila baada ya misuguo michache, mpaka ukapita kwa kusukumwa na kidole gumba bila kuchezacheza.

Kazi ngumu ilikuwa matundu ya skrubu. Matundu ya ubavuni mwa diski ya inchi 3.5 yako milimita 6.35 juu ya sehemu yake ya chini, na lile la mbele na lile la nyuma yameachana kwa milimita 101.6. Nilipima kwa rula mara mbili, na mara zote mbili nikakosea kwa karibu milimita moja. Mwishowe niliomba wanja kwa dada yangu, nikaupaka kwa ncha ya kijiti kwenye ukingo wa kila tundu, kisha nikaukandamiza mti ubavuni mwa diski. Nilipouondoa, duara mbili nyeusi zilikuwa zimejichora safi juu ya mti, nami nikaweka ncha ya keekee katikati ya kila moja.

Skrubu zenyewe zina masharti. Diski za inchi 3.5 hutumia skrubu za inchi za kipimo cha 6-32, na si zile za M3, za kipimo cha milimita, zinazotumika katika viendeshi vya flopi. M3 huingia, lakini hulegea na kuharibu meno ya tundu. Tena skrubu haitakiwi kuingia ndani ya diski zaidi ya milimita tatu au nne, kwa sababu ndefu zaidi inaweza kugusa saketi. Nilizonazo zina urefu wa milimita 6.35, na mti una milimita 24, hivyo tulitoboa kwanza tundu pana la milimita 10 kutoka upande wa nje hadi kina cha milimita 21, ili kichwa cha skrubu kizame ndani pamoja na washa yake, yaani kiduara cha chuma kinachokaa chini ya kichwa, kisha tukatoboa tundu jembamba katika milimita tatu zilizobaki. Kwa hesabu hiyo skrubu inaingia katika diski kwa karibu milimita tatu tu.

Ami alishauri tuupake mti sifa, mafuta ya papa yanayopakwa majahazi, na kwa mti wa baharini ushauri huo hauna mfano. Hapa nilimwomba radhi nikakataa, kwa kuwa diski ina tundu la kupumulia lenye kichujio, na sikutaka mafuta yakae karibu nalo. Tulipaka vanishi mikono miwili, tukaiacha ikauke siku tatu, na juu ya ulimi nikapitisha nta ya mshumaa ili uteleze.

Kwa kuwa mti haupitishi umeme, nilifunga pia waya mfupi kutoka kwenye skrubu moja ya diski hadi kwenye bati la kasha. Diski hii hupata ati yake, yaani njia ya umeme kwenda ardhini, kupitia nyaya nyeusi za plagi ya umeme, lakini muundo wa asili wa reli na vibanio vya chuma uligusanisha diski na kasha, nami nilipenda kuurejesha.

Kwenye BIOS, yaani programu ya ndani inayoitambua diski kompyuta inapowashwa, nilichagua aina ya diski ya 47, ile inayomruhusu mtumiaji kuandika namba mwenyewe, nikaingiza zilizoandikwa juu ya diski, zinazoeleza mpangilio wa nyimbo na sekta zake: silinda 826, vichwa 16, sekta 63. BIOS za wakati huo haziwezi kuona zaidi ya silinda 1024, na ndiyo maana sikutafuta diski iliyopita megabaiti 528. Niliifomati upya ikiwa tayari imefungwa mahali pake, kisha nikaiendesha SCANDISK, programu ya kukagua diski iliyomo katika mfumo endeshi wa MS-DOS 6.22, ikague uso wote. Ilipata sekta nne mbovu, zote katika eneo moja, na ninaamini ni zile zilizojeruhiwa jioni ya gundi. Tangu hapo imepita miezi saba, nami huikagua kila mwezi. Idadi ni ileile nne.

Kabla ya kufunika kasha niliziandikia reli kwa wanja uliobaki, moja “kushoto” na nyingine “kulia”, kwa sababu zimechongwa kwa mkono na hazibadilishani.