Baada ya Arobaini

Mwanangu ametimiza miezi saba wiki hii, na sasa nimepata utulivu wa kuandika kuhusu jambo ambalo wanawake wenzangu huku Tanga hulisema kwa kunong'ona tu, nalo ni namna mke na mume wanavyorejeana kitandani baada ya mtoto kuzaliwa. Nilijifungulia kwetu, kama ilivyo desturi, na shangazi yangu, ambaye ndiye aliyekuwa kungwi wangu wakati wa harusi, akashika usukani wa mambo yote. Kila asubuhi na jioni alichovya taulo katika beseni la maji ya moto, akalikamua huku mvuke ukimpanda usoni, kisha akalibandika tumboni mwangu bila huruma na kuniambia nivumilie, kwa kuwa mwanamke asiyekandwa hubaki na tumbo la mimba mpaka uzeeni. (Wauguzi hawataki maji ya namna hiyo yasogee karibu na mshono, na hapo nilisimama upande wao.) Nilikunywa uji wa pilipili manga, nikafungwa tumbo kwa kanga, na mume wangu akawa anakuja jioni kama mgeni, anamshika mtoto, anakunywa chai, anaondoka.

Arobaini ilipofika mtoto alinyolewa, ubani ukafukizwa, nami nikarudishwa kwangu nikiwa na hina mikononi, kana kwamba mwili ulikuwa umekwisha kurejea ulivyokuwa. Dini yenyewe haisemi hivyo. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wa Waislamu wa pwani, kinachozuia ni damu ya nifasi, yaani damu itokayo baada ya kujifungua, ambayo kwa kawaida huchukua siku 40 na inaweza kufika 60, na inapokatika mwanamke huoga josho, basi. Huko ni kuondolewa kizuizi, wala si kuamrishwa kuwa na hamu usiku huohuo. Hospitali nayo humwita mama wiki ya sita, ambayo ndiyo wiki ya chanjo ya mtoto, na mimi niliulizwa kuhusu titi na kuhusu mshono, lakini kuhusu unyumba sikuulizwa, na foleni iliyokuwa nyuma yangu haikunipa ujasiri wa kuanza mimi.

Ningependa mtu angenieleza mapema kwamba ukavu nilioupata haukuwa dalili ya kumchoka mume wangu. Mwanamke anayenyonyesha huwa na prolaktini nyingi, homoni ambayo hutengeneza maziwa na wakati huohuo hutuliza ovari, hivyo estrojeni, homoni ya kike, hushuka na ngozi ya uke hukauka na kuwa nyembamba, karibu kama ya mwanamke aliyekoma hedhi. Oksitosini nayo, ile inayosukuma maziwa mtoto anaponyonya, hutoka pia mwanamke anapofikia kilele, ndiyo maana titi linaweza kuchuruzika katikati ya tendo na kuwashtua wote wawili. Mume wangu alidhani ameniumiza. Tulicheka sana, na nadhani kicheko kile kilitusaidia kuliko somo lolote nililopewa kabla ya harusi, ambalo lilinifundisha kumpendeza mume lakini halikunifundisha kumwambia kwamba leo naumia, au kwamba leo ningependa anikumbatie tu na asitake zaidi. Maneno hayo tulijifunza wenyewe, gizani, ndani ya chandarua, tukisema polepole ili mtoto asiamke. Alinijibu kwamba yeye pia alikuwa akiogopa, na kwamba kila aliposikia nikivuta pumzi aliona heri ageukie ukutani. Mimi kumbe nilikuwa nimeusoma mgongo ule kuwa ni hasira.

Lakini kikwazo kikubwa kuliko ukavu kilikuwa hofu ya kubemenda. Huku kwetu huaminiwa kwamba wazazi wakikutana kabla mtoto hajatembea, mtoto hubemendwa: hudhoofu, huharisha, miguu hulegea. Mwanangu alipoharisha siku kadhaa, shangazi alinivuta kando na kuniuliza, "Mwanangu, mmeshaanza?" Sikumjibu, nikampeleka mtoto hospitali. Mbegu za mwanamume haziingii katika maziwa, hilo halina mjadala. Hata hivyo siwadharau wazee, kwa sababu waliona kitu cha kweli wakakitafutia sababu isiyo yake. Mama akishika mimba upesi, mara nyingi mtoto huachishwa ziwa mapema na hudhoofu kweli, na Shirika la Afya Duniani lenyewe linashauri ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya mimba nyingine. Ninachokiogopa katika imani hii ni kwamba humfanya mama afiche mtoto anayeugua ili asionekane hana subira, na humpa mwanamume ruhusa ya kutafuta nje kwa jina la kumlinda mtoto. Ruhusa hiyo ina gharama. Mama akiambukizwa virusi vya UKIMWI wakati ananyonyesha, virusi huwa vingi mno mwilini katika majuma ya mwanzo, na hatari ya kumfikia mtoto kupitia maziwa huwa kubwa.

Kama shida ni mimba, dawa yake ni uzazi wa mpango. Kunyonyesha kwenyewe huzuia mimba kwa takriban asilimia 98, lakini kwa masharti matatu pamoja: mtoto ana umri chini ya miezi sita, ananyonya maziwa ya mama pekee usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Likivunjika moja, kinga imekwisha, na yai linaweza kupevuka kabla ya hedhi ya kwanza, ndipo wengine hushika mimba wakidhani bado wako salama. Sisi tulitumia kondomu, na hapo mafuta ya nazi, ambayo shangazi huyapendekeza kwa kila kitu, hayafai, kwa kuwa mafuta huozesha mpira. Tulinunua kilainishi cha maji kwenye duka la dawa, na muuzaji alikifunga katika gazeti kama mtu anayeuza bangi.

Mdogo wangu anatarajia kujifungua mwezi ujao, naye atakuja hapahapa kwa mama. Shangazi ameshaandaa beseni na pilipili manga, na sitamzuia, ila maji ya moto yasikaribie mshono. Kuhusu kubemenda tumebishana na hajakubali. Tumeafikiana kwamba shemeji atalala chumba kimoja na mkewe tangu siku ya kwanza, na kwamba wiki ya sita ataingia naye kwa muuguzi. Maswali ya kuuliza nimekwisha kumwandikia kwenye karatasi, kwa kuwa yeye ni shemeji yangu na mimi naweza kumtania bila kuona haya.